Punda wa Banda la Kamba

Banda la kamba lilikuwa refu kiasi kwamba mtu akipiga chafya mlango wa juu, wa mlango wa chini alimwambia "afya!" siku hiyo hiyo kama upepo ulikuwa mzuri, la sivyo kesho yake. Anayebisha na abishe. Banda lenyewe halipo tena la kumsuta.

Ndani ya banda hilo alifanya kazi mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kifundo, na kazi yake ilikuwa kwenda kinyumenyume. Alijifunga bunda la katani kiunoni, akachomoa nyuzi kwa vidole, akazishikiza kwenye ndoano ya gurudumu, kisha akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, mumewe akizungusha gurudumu na uzi ukizaliwa katikati yao. Asubuhi nzima ilikuwa ni kumtazama mume akizidi kuwa mdogo.

"Wenzangu waume huwapungukia wakishazeeka," alipenda kuwaambia wanawake wa bombani. "Mimi wangu hunipungukia kila siku kabla ya chai."

Baba Kifundo mwenyewe alikuwa na mikono mirefu na ulimi mfupi. Neno lake moja lilitosha wiki. Binti yao alipozaliwa amejikunja magoti kifuani, mkunga akacheka akasema huyu si mtoto, ni kifundo, na watu wakaangalia baba atasema nini, maana kwa wasokota kamba kifundo ni kasoro. Baba akampokea mtoto. "Kifundo hiki," akasema, "hatukifungui." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na jina likabaki.

Nyuzi zikishatosha ilifuata kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa, kwa hiyo sharti ielezwe vizuri. Nyuzi zilitandazwa urefu wote wa banda. Upande wa juu zilishikwa na gurudumu. Upande wa chini zilifungwa kwenye ubao mzito wa kuburura, uliopakiwa mawe na kufunikwa gunia. Gurudumu likianza kuzunguka, nyuzi zilijikumbatia zikawa kamba, na kamba ikisokotwa hupungua urefu, kama mtu anayejikunja kwa baridi. Hapo ubao nao ulivutwa, taratibu, kutoka mlango wa chini kwenda juu. Ukishaipita kwa mbali nguzo ya katikati, kamba imeiva. Ukiishia njiani, kamba ni mbichi, na kamba mbichi ni muuaji aliyevaa nguo za kazi.

Ubao huo wasokota kamba waliuita punda. Ulibeba mzigo, haukuwa na haraka, na ukigoma umegoma. Mama Kifundo alitembea kando yake akiutia moyo kwa matusi madogo madogo: "Haya, twende, masikio we! Twende kwa baba!"

Sasa, nchi yao ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya dola mbili kubwa. Dola ya Juu ilishika milima na machimbo. Dola ya Chini ilishika mto na vivuko. Miaka nenda miaka rudi dola hizo zilipelekeana salamu na matunda, na sababu ya urafiki wao ilikuwa moja tu: hazikuonana. Kati yao ilikuwepo ile nchi ndogo, kama mto wa kulalia unaowekwa kati ya ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja. Unawabana, unawaudhi, lakini ndio unaozuia mateke.

Kisha wakubwa wakakaa mezani. Wakasema nchi ile ndogo haijui kujitawala, ina makelele. Kweli ilikuwa na makelele. Nyumba gani haina? Wakasema wataigawana kwa faida yake. Aliyealikwa kutoka nchi yenyewe alikuwa mpishi, naye aliulizwa kuhusu chumvi tu. Wakaweka rula juu ya ramani, na rula haioni nyumba. Ikapita juu ya banda la kamba.

Wapima ardhi walikuja asubuhi na ndoo ya chokaa. Baba Kifundo alikuwa juu gurudumuni, Mama Kifundo chini akipanga mawe, na Kifundo, aliyekuwa bado anayumba akikimbia, alikuwa anacheza na vipande vya katani miguuni pa mama yake. Wapima wakachora mstari sakafuni, karibu kabisa na nguzo ya katikati, kisha wakaendelea zao mashambani. Nyuma yao akabaki askari wa Chini mwenye masharubu mapana, ambaye hajawahi kuitwa jina jingine zaidi ya hilo.

Saa ya chai ilipofika, Mama Kifundo akachukua birika na kwenda zake juu.

"Samahani, mama," Masharubu akasema. "Usivuke hapo."

"Hapo wapi?"

"Penye chokaa."

"Aa, bado mbichi. Basi nangoja ikauke, nisije nikakuchafulia."

"Hata ikikauka, mama. Kule ni nchi nyingine."

"Kule ni kwa mume wangu."

"Aliyekutwa kule ni wa kule. Mume wako kuanzia leo ni mgeni."

"Yule? Jana kakoroma mpaka kunguni wakahama nyumba. Mgeni gani anakoroma hivyo kwa watu?"

Masharubu akacheka. Askari wa Juu, upande wa pili wa mstari, naye akacheka, ingawa hakuielewa lugha yao. Chokaa ikakauka wakiwa wanacheka.

Baba Kifundo alikuwa ameshaambiwa yake huko juu. Akasimama kando ya gurudumu, mdogo kama kidole, akaita: "Mama Kifundo!"

"Abee!"

"Jioni nitachelewa kidogo."

Na kweli alichelewa.

Siku za kwanza Mama Kifundo alidhani ni mzaha utakaopita. Alipika uji wa watu watatu. Halafu ikatoka amri kwamba kupigiana kelele kuvuka mstari ni kosa, maana wakubwa walihofia siri za kijeshi. Wakabaki kutazamana. Zamani mumewe alikuwa akipungua asubuhi na kukua tena wakati wa chai. Sasa alibaki vile vile, mdogo, siku baada ya siku.

"Baba ni yule kadogo kule?" Kifundo aliuliza.

"Ndiye."

"Atakua?"

"Akija karibu atakua," mama akasema, akageuka kutafuta jiwe ambalo hakulihitaji.

Kazi yenyewe haikusimama, kwa kuwa dola zote mbili zilitaka kamba. Juu walizihitaji kuteremshia watu machimboni, Chini kuvutia vivuko, na nusu banda haitoi kamba ndefu hata ungeibembeleza. Wakakubaliana nyuzi zivuke, ila mtu na chombo visivuke. Basi punda akifika kwenye chokaa, Masharubu anainua mkono, gurudumu linasimama, kamba inakatwa ingali mbichi. Kwa macho ilikuwa kamba. Mpaka siku kivuko cha Chini kilipokatikiwa kamba katikati ya mto kikiwa na ng'ombe na karani wa ushuru. Ng'ombe waliogelea. Huko Juu ndoo ya machimbo ilikatika ikiwa na watu ndani, na hao hawakuwa na pa kuogelea.

Juu wakasema ncha ya Chini ndiyo mbovu. Chini wakasema ncha ya Juu. Hakuna aliyesema kwamba kamba ina ncha mbili na maisha mamoja. Wakamwuliza Masharubu, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo, kitu gani kinatakiwa ili kamba itoke nzuri. Masharubu, ambaye kwa kukaa bandani alikuwa ameshaanza kuzungumza kama wasokota kamba, akaandika kwa mkato wa kiaskari: punda lazima avuke.

Wakubwa wakaona ombi ni dogo. Mabalozi wakaketi, mihuri ikagongwa: punda mmoja wa banda la kamba ataruhusiwa kuvuka mpaka na kurudi, bila mtu.

Wiki iliyofuata zikafika nyasi kavu kutoka mji mkuu wa Chini, gari zima.

"Hizi za nini?" Mama Kifundo akauliza.

Masharubu akajikuna shingo. "Za punda."

"Punda gani?"

"Punda." Akaonyesha ubao kwa kidevu.

Mama Kifundo alicheka mpaka akakaa chini. "Si uwaambie ni ubao!"

"Nikiwaambia ni ubao, watauliza nani aliandika punda."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Ikawa siri ya banda. Zikaja pumba. Ikaja barua ya mganga wa mifugo akiuliza umri na jinsia, na Masharubu akajibu kuwa ni dume, mtulivu, asiyekula sana. Juu nao hawakutaka kuonekana bahili; wakatuma blanketi la punda, nene, lenye nembo ya dola. Mama Kifundo akashona godoro la zile nyasi, akalala juu ya chakula cha serikali. Baba Kifundo akajifunika blanketi. Dola mbili zikamlisha na kumvisha punda asiyekuwepo, na mke na mume wakapata joto kila mmoja kwake. Katika faida zote za kugawa ile nchi, sijui nyingine iliyomfikia mtu wa kawaida.

Faida nyingine walijitengenezea wenyewe. Punda alikuwa akivuka peke yake, Mama Kifundo akibaki kwenye chokaa. Lakini chini ya gunia, kando ya mawe, aliweka mkate. Aliweka shati alilolishona kiwiko. Aliweka jino la kwanza la Kifundo lililong'oka, limefungwa kwenye kitambaa. Kamba ikiiva, Baba Kifundo alimsukuma punda kurudi mpaka kwenye mstari, Masharubu akamvuta kwa ndoano, na chini ya gunia kukawa na soksi iliyotoboka, au ndege wa mti aliyechongwa kwa kisu. Neno hakuna. Mama Kifundo aliishika ile soksi akajua kidole kipi kinamuuma.

Kifundo alikuwa akiona yote hayo. Aliona mkate unakwenda kwa baba. Aliona shati linakwenda kwa baba. Jino lake lenyewe lilikwenda kwa baba. Mtoto akiona jino lake limefika mahali, anajiuliza kwa nini yeye asifike.

Asubuhi moja Mama Kifundo alifunga nyuzi, akaashiria, gurudumu likaanza. Punda akasogea. Akatembea kando yake kama kawaida, na kabla hawajaenda mbali akaona gunia linapanda na kushuka. Mawe hayapumui. Akatupa jicho nyuma: mawe mawili makubwa yamefichwa nyuma ya nguzo ya mlango, na kando yake viatu vidogo vimepangwa vizuri, kama alivyomfundisha.

Akafungua mdomo kupiga kelele. Akaufunga.

Alifikiri hivi: baba yake atambeba mara moja. Atamwona alivyorefuka. Kamba ikiiva punda anarudi, na mtoto anarudi, kabla hata birika halijachemka. Nani ataumia? Akainama kwenye gunia, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote: "Haya, twende, masikio we. Taratibu. Twende kwa baba."

Gunia likacheka.

Masharubu akakohoa. "Punda wako leo ana mafua," akasema, akageuka kuchungulia dirishani, mahali pasipo na cha kutazama.

Punda akavuka chokaa. Mama Kifundo akasimama vidole vya miguu vikiugusa mstari. Kule mbali aliona mume wake mdogo anaacha gurudumu, gurudumu linazunguka peke yake. Akamwona anainama, anafunua gunia, anasimama na kitu mikononi. Watu wawili wadogo wakawa mtu mmoja mdogo. Mtu huyo akazunguka, akazunguka, akazunguka.

Wakati huo huo mlango wa juu ukafunguka, akaingia mganga wa mifugo kutoka mji mkuu wa Juu. Ilikuwa imesikika kwamba kuna homa ya punda upande wa Chini. Bwana huyo hakuwahi kucheka tangu aote meno. Akauliza yuko wapi yule punda. Wakamwonyesha ubao. Akauliza tena, wakamwonyesha tena. Akauzunguka, akauinamia, akaunusa. Kisha akasema kwamba watu wa Chini wamemla punda, wameweka ubao mahali pake, na miaka yote hii wamekuwa wakiidanganya dola. Mkataba umevunjwa. Mpaka ufungwe.

Ulifungwa adhuhuri ile ile. Askari wa Juu walileta mbao na misumari, wakaanza kupigilia juu ya mstari. Mama Kifundo alijirusha. Masharubu akamdaka kiunoni.

"Mtoto wangu!"

"Nyamaza, mama," Masharubu akamwambia sikioni, na masharubu yake yalikuwa yamelowa. "Ukisema yuko kule watauliza kavukaje. Mkatabani hakuna mtoto, kuna punda tu. Watamfunga baba yake kwa wizi wa mtu, kisha mtoto abaki na nani?"

Basi akanyamaza mara ya pili siku ile. Kupitia upenyo wa mwisho kabla ubao haujapigiliwa, aliona kichwa kidogo begani kwa mtu, kinatazama huku, na mkono unapunga, kwa furaha, kama mtu anayekwenda matembezi.

Baada ya mbao yalikuja matofali. Banda likakatwa katikati, na Mama Kifundo akarudi nyumbani na katani yake, akawa anasokota kamba za kuanikia nguo na za kufungia mbuzi. Uani kwake alirudi nyuma hatua chache tu, mgongo ukagonga ukuta wa jiko. Kila alfajiri alikwenda kwanza bandani kuweka sikio kwenye matofali. Wakubwa walimwona kuwa hana madhara.

Wakubwa wenyewe hawakuwa na raha. Ule mto wa kulalia ulikuwa umeliwa, na sasa ndugu wawili walilala uso kwa uso, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua. Juu aliweka askari mpakani kwa kuwa Chini aliweka. Chini akaongeza kwa kuwa Juu aliongeza. Askari anakula hata siku ambayo hakuna vita. Kamba ikabidi zinunuliwe ng'ambo, na zilifika zimeoza. Nusu nchi iliyomezwa na Juu haikusagika, na nusu iliyomezwa na Chini haikusagika. Ililala tumboni mwa kila mmoja kama jiwe, na mwenye jiwe tumboni hacheki wala halali. Mla cha mwenzie na chake huliwa, ila chake huliwa polepole, kwa hiyo hujiona ameshiba.

Waliosoma watakwambia vita vilianza kwa ajili ya madini na ushuru. Sawa. Lakini hata siku vilipoanza, dola mbili zilikuwa bado zinadaiana punda. Banda lilichomwa, kila jeshi liliapa kuwa ni lile jingine. Katani huwaka vizuri. Mama Kifundo alisimama uani akaona moto wa pande zote mbili za ukuta umekuwa mmoja juu ya paa, akasema, "Moto umeruhusiwa."

Mwisho wa yote Dola ya Juu ilikatika vipande, kwa kuwa majenerali wake walikuwa wameshajifunza kukata na mkono ulikuwa unawawasha. Dola ya Chini iliuza vivuko vyake kulipa madeni, kisha ikauza na mto. Watu husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Huumia, ndiyo, kisha huota juu ya kaburi la tembo. Ila si nyasi zile zile.

Kabla ya hapo, vita vikiwa vimepamba moto, alipita mtu mmoja aliyetoroka machimboni. Akamkuta Mama Kifundo anasokota.

"Nilifanya kazi na mzungusha gurudumu mmoja," akasema. "Walimhamishia machimboni pamoja na binti yake. Amefariki, mama. Kifua. Binti alichukuliwa shule ya serikali, mbali huko ndani."

Mama Kifundo hakusimamisha vidole. Wazungusha gurudumu ni wengi. "Alisema nini kabla hajafa?"

"Hakusema kitu. Hakuwa mtu wa maneno."

"Basi ndiye," akasema, akakaa chini.

Ukuta ulipobomolewa, watu walibeba matofali kujengea mabanda ya kuku. Mama Kifundo wakati huo alikuwa kibibi, mgongo umepinda kwa kusokota. Mtaa wake ulikuwa na kinyozi aliyefungwa Juu miaka ya vita, akanyoa askari wa huko mpaka akaijua lugha yao. Alhamisi moja kinyozi huyo akabisha hodi, na nyuma yake mwanamke mrefu, mwenye koti, na mikono mirefu.

"Mama," kinyozi akasema, "nimekuletea mgeni."

Mama Kifundo alitazama mikono. Hakuhitaji kuambiwa.

Yule mwanamke akainamisha kichwa, akatamka kitu kwa lugha ya Juu, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mkuu wa ofisi. Shule ilikuwa imempa jina jingine na ulimi mwingine. Ule wa kwanza walimkataza kwa fimbo, na baba aliyebaki naye hakuwa mtu wa kumwachia maneno mengi.

"Anasemaje?"

"Anasema amekukumbuka kila siku ya maisha yake."

Mama Kifundo akamtazama binti usoni, kisha akamtazama kinyozi. "Mwanangu, usininyoe bila maji. Amesema nini?"

Kinyozi akaanza upya. "Anasema habari za asubuhi. Anasema aliambiwa umekufa, akaacha kukufikiria. Aliona picha ya zamani ya banda kwenye gazeti, akaja. Anasema samahani."

"Samahani ya nini?"

Kinyozi akauliza, akajibiwa, akafasiri. "Ya kutoroka. Anasema alijificha, wewe hukujua, akakuachia majonzi. Anasema ndicho kitu pekee anachokumbuka: gunia, na viatu alivyovivua."

Mama Kifundo akamgeukia kinyozi. "Mwambie nilijua."

"Mama..."

"Mwambie. Nililiona gunia linapumua."

"Mama, hilo tusiliseme leo," kinyozi akasema taratibu. "Mtu ametoka mbali. Nikimwambia ulijua ukamwacha aende, atabaki na nini? Mwache na lake. Nyie kwanza kunyweni chai."

Wakanywa chai. Binti alishika kikombe kwa mikono miwili, kama baba yake. Mama alimpa mkate, akamwonyesha kwa kidole, akautaja. Binti akarudia neno, likatoka limevunjika, wakacheka wote, na kicheko kile kilikuwa cha nyumba moja.

Lakini Juu kulikuwa na mume, mwoka mikate, na watoto wanamngojea. Hakuweza kubaki. Akamwambia kinyozi amwambie mama waende pamoja.

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. "Mama Kifundo!" mmoja akapaza sauti. "Unaleta watu wa Juu hapa? Waliotuchomea banda?"

"Banda lilikuwa langu, nikaungua mimi," akajibu bila kugeuka. "Wewe ulikuwa unakatiza tu kwenda dukani."

Ila aliona macho yao. Mstari ulikuwa umefutika sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa imefutika. Watu walikuwa wameubeba, kila mmoja wake. Akafunga nguo zake kwenye kitambaa. Kinyozi akamsindikiza mpaka kituoni, akamfundisha njiani kusema asante, baridi, na inatosha.

Akaishi huko katika chumba cha nyuma ya tanuri. Wajukuu walimwita kwa neno la kwao, naye aliitika, akiamini ni bibi. Baadaye alijua lilikuwa na maana ya mgeni wa nyumbani, hakuwasahihisha. Binti alikuwa akikaa naye jioni, wameshikana mikono, kila mmoja akisema kwa lugha yake, mmoja akimaliza mwenzake anaanza, kama watu wanaoelewana. Mara nyingi mama alisema neno lile lile moja, kwa msisitizo, akimtazama binti machoni, na binti akatabasamu na kumfunika vizuri.

Mama alipougua walimtuma mtu kumfuata kinyozi. Barabara zilikuwa zile zile za baada ya vita. Usiku wa mwisho aliinuka kwenye mto, akamvuta binti karibu, akamwambia jambo. Halikuwa refu. Akalirudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kisha akalala, na asubuhi hakuamka. Alizikwa kwa lugha asiyoijua, na waliolia walilia vizuri.

Kinyozi alifika wakati udongo umeshakauka. Binti akamkalisha, akamtamkia yale maneno kama alivyoyasikia. Kinyozi akafumba macho, akasikiliza, akaomba ayarudie. Akatikisa kichwa. Yalikuwa yameshikwa na sikio la ugenini. Yalikuwa sauti tu.

Mpaka leo, mtu yeyote kutoka upande wa Chini akiingia kwenye duka lile la mikate, yule binti, mwenye duka, huacha mizani, hufuta mikono, na kumtamkia yale maneno. Mteja husikiliza, huomba radhi, hununua mkate wake. Na kila mwaka maneno yenyewe hubadilika kidogo mdomoni mwake, naye hajui.